Kusafiri Tibet: namna ya kupanga vibali, njia na mwinuko

Ratiba ya Tibet huandikwa mara moja tu. Wakala akishaituma Lhasa kuombea kibali, majina ya miji, tarehe na majina ya wasafiri ndiyo hayo hayo hadi siku ya kutoka. Ukiumwa kichwa Shegar, mji mdogo ulio njiani kwenda Everest, mita 4,300 juu ya usawa wa bahari, ukatamani kulala hapo usiku mmoja zaidi, utakuta gari, hoteli na karatasi za polisi vyote vimefungwa kwenye tarehe za kesho. Kushuka kwa dharura kunawezekana. Kupata siku ya ziada ya kupumzika ndiko kugumu. Kwa hiyo siku za mwili kuzoea mwinuko lazima ziwe ndani ya ratiba kabla ombi halijatumwa, na ndiyo sababu tunaanza na usiku, kisha vibali, na tiketi zinakuja nyuma kabisa.

Masharti ya msingi

Mgeni mwenye pasipoti isiyo ya China haingii Mkoa Unaojiendesha wa Tibet peke yake. Lazima awe na ziara iliyopangwa na wakala aliyesajiliwa, mwongoza watalii, na, akitoka nje ya Lhasa, gari la ziara pamoja na dereva. Mabasi ya abiria ya kwenda mikoani hayatumiki na wageni. Mjini Lhasa una uhuru kiasi: jioni unaweza kuzunguka mtaa wa Barkhor bila mwongozaji.

Kutohitaji viza ya China hakukuondolei kibali cha Tibet. Mpango wa kupita China kwa saa 240 bila viza nao hauihusu Tibet hata kidogo, kwa hiyo usijenge safari juu yake. Fomu ya kibali inauliza kazi yako. Waandishi wa habari na wanadiplomasia hawapewi kibali cha kawaida cha utalii, wao wana utaratibu wao. Anayeishi China kwa viza ya kazi au ya masomo ataombwa barua ya mwajiri au ya chuo.

Mwezi wa kuepuka ni Machi. Karibu kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Februari hadi mwisho wa Machi, Tibet hufungwa kwa wageni, kwa sababu mwezi huo una kumbukumbu za machafuko ya 1959 na ya 2008. Tarehe za kufungua hutangazwa zikiwa zimekaribia sana. Ukipanga kuingia tarehe 2 Aprili umecheza kamari. Wiki ya pili ya Aprili ni salama zaidi.

Hatua ya kwanza: panga mahali pa kulala

Chukua karatasi, uandike kila usiku na mita zake. Kinachoamua ni mwinuko wa kitanda. Njia za mlimani unazovuka mchana kwa gari zina uzito mdogo. Kanuni inayotumiwa na madaktari wa milimani ni hii: ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne weka siku moja ya kutopanda.

Tibet inaivunja kanuni hiyo tangu usiku wa kwanza. Lhasa iko takriban mita 3,650, na hewa yake ina karibu theluthi mbili tu ya oksijeni unayoivuta pwani. Anayetua kwa ndege kutoka Chengdu, iliyo chini ya mita 600, amepanda mita elfu tatu kwa saa mbili na kitu. Deni hilo hulipwa kwa kukaa. Usiku tatu Lhasa ndio kiwango cha chini, na nne ni bora kwa anayetoka tambarare moja kwa moja. Ratiba za bei nafuu zenye usiku mbili Lhasa kisha Everest zimekata palepale pasipokatika.

Njia ya kawaida ya kwenda Everest, ambayo kwenye vibao na tiketi huandikwa Qomolangma, huwa hivi:

Usiku wa 1 hadi wa 3, Lhasa, mita 3,650.
Usiku wa 4, Gyantse, karibu mita 4,000, baada ya kuvuka njia ya mlimani ya Kamba La (karibu 4,800) na kupita ziwa Yamdrok (karibu 4,440).
Usiku wa 5, Shigatse, mita 3,840.
Usiku wa 6, Shegar, ambayo wengi huiita Tingri Mpya, karibu mita 4,300, baada ya Gyatso La (5,248).
Usiku wa 7, Rongbuk, karibu mita 5,000.

Angalia mstari wa mwisho. Kutoka Shegar hadi Rongbuk ni mita 700 kwa siku moja, na hapo ndipo watu wengi huugua usiku. Kuna njia mbili za kurekebisha, na zote huandikwa kabla ya kuomba kibali: lala Shegar usiku mbili, au nenda Rongbuk mchana, uone mlima, urudi kulala Shegar. Ya pili inakunyima machweo na mapambazuko ya uso wa kaskazini wa Everest, ambayo kwa wengi ndiyo sababu ya safari nzima. Kama siku zipo, chagua usiku mbili Shegar. Ujue pia kwamba tangu 2019 watalii wasio na kibali cha kupanda mlima hawavuki eneo la monasteri ya Rongbuk. Kambi ya wapandaji iko mbele zaidi, na tangazo linalokuahidi kusimama ndani yake ni la zamani.

Mlima Kailash, mlima mtakatifu ambao mahujaji huuzunguka kwa miguu, unadai zaidi. Mzunguko wake una kilomita 52, kwa kawaida siku tatu za kutembea kuanzia Darchen (karibu mita 4,600). Usiku wa kwanza ni Dirapuk, juu kidogo ya mita 5,000. Siku ya pili unavuka Drolma La, mita 5,630, na kulala Zutulpuk, karibu 4,800. Usikubali ratiba inayokutoa Shigatse hadi Saga (4,500) kwa siku moja ikakuanzishia mzunguko siku ya pili yake. Lala Shegar kwanza, kisha Saga, kisha Darchen usiku mbili. Anayekwama hukwama siku ya Drolma La, kwa sababu ndiyo ndefu kuliko zote na huanza alfajiri baada ya usiku wa kulala kwa shida. Mwaka 2026 ni mwaka wa farasi katika kalenda ya Kitibet, wakati mahujaji wanapoamini mzunguko mmoja wa Kailash huhesabika kama mingi. Tarajia umati, nyumba za wageni zilizojaa na masharti ya vibali yanayobadilika ghafla.

Kwa majira, Everest huonekana vizuri zaidi Aprili hadi katikati ya Juni na Septemba hadi Oktoba. Julai na Agosti mawingu ya mvua za monsuni huificha mara nyingi. Kailash ni Mei hadi mwanzoni mwa Oktoba.

Hatua ya pili: karatasi nne na nani anaziomba

Ya kwanza ni viza ya China, au haki ya kuingia bila viza. Hii ni kazi yako mwenyewe. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita na kurasa tupu.

Ya pili ni Kibali cha Kusafiri Tibet, kinachotolewa na mamlaka ya utalii huko Lhasa. Huwezi kukiomba mwenyewe. Wakala hutuma nakala ya pasipoti yako, viza yako na ratiba. Kinachoharibu maombi mengi ni herufi: jina kwenye fomu lilingane na pasipoti herufi kwa herufi, pamoja na jina la kati. Pasipoti ikibadilishwa baada ya ombi, namba hailingani tena na kibali hakifai. Kama pasipoti yako inakaribia kuisha, ibadilishe kabla ya kumwandikia wakala.

Ya tatu ni kibali cha polisi cha wageni, kinachohitajika nje ya Lhasa: Shigatse, Everest na kuendelea. Hiki hutolewa baada ya kufika. Mwongozaji huchukua pasipoti yako na kuipeleka Ofisi ya Usalama wa Umma, kwa hiyo usishtuke akiiomba siku ya kwanza. Hata hivyo, baki na nakala, na muulize itarudi saa ngapi.

Ya nne ni kibali cha kijeshi, pamoja na vibali vya mpakani, kwa maeneo kama Ngari, ambako Kailash iko. Hiki ndicho huchukua muda mrefu, na ndicho hukataliwa bila maelezo. Mashariki ya Tibet huwa na vizuizi vya ghafla zaidi, basi usiweke huko sehemu ya safari ambayo kuikosa kutakuvunja moyo.

Hatua ya tatu: hesabu tarehe kurudi nyuma

Miezi minne kabla, chagua njia na wakala. Miezi miwili hadi mitatu kabla, pata viza. Siku 30 kabla ya kuingia Tibet, wakala awe na nyaraka zako zote. Kwa Kailash, mpe siku 45 au zaidi. Kibali chenyewe huchukua takriban wiki mbili hadi tatu za kazi. Wiki ya kwanza ya Oktoba na ya kwanza ya Mei ni sikukuu China, ofisi zimefungwa na barabara zimejaa, kwa hiyo usizihesabu kama siku za kazi.

Kwa ndege unahitaji kibali halisi mkononi, kwa kuwa kaunta ya shirika la ndege haitakupa pasi ya kupandia bila hicho. Wakala hukituma kwa mjumbe wa haraka hadi hoteli yako katika mji wa kuondokea. Hapa hutokea mkwamo wa kipuuzi ambao hurudia kila msimu: hoteli inapokea bahasha yenye jina la kikundi, hailioni kwenye orodha ya wageni, inairudisha. Mwandikie mhudumu wa mapokezi jina litakaloandikwa juu ya bahasha siku mbili kabla, na lala katika mji huo angalau usiku mmoja kabla ya kuruka. Kwa treni, nakala iliyochapishwa kwa kawaida hutosha.

Kuingia: ndege, treni au Kathmandu

Treni ya Qinghai–Tibet, iliyofika Lhasa mwaka 2006, ina sifa ambayo haistahili: kwamba inakuzoesha mwinuko. Kutoka Xining hadi Lhasa ni kilomita 1,956 kwa takriban saa 21. Ndani ya muda huo unavuka njia ya mlimani ya Tanggula, mita 5,072, ukipuliziwa oksijeni ndani ya behewa. Mwili hauzoei kitu katika usiku mmoja wa oksijeni ya bomba. Kinachosaidia kweli ni kulala Xining, mita 2,260 hivi, usiku mbili au tatu kabla ya kupanda treni.

Tatizo la treni ni tiketi. Huanza kuuzwa siku 15 kabla ya safari, wakati kibali chako kimeshafungwa kwa tarehe, na vitanda laini vya Julai na Agosti huisha mapema mno. Mwambie wakala mapema kwamba treni ikikosekana utaruka, na uwe na bajeti ya ndege. Pengine ingia kwa ndege na utoke kwa treni, si kinyume chake: tiketi ikikosekana wakati wa kuingia, ziara nzima inasogea.

Kupitia Kathmandu kuna utaratibu wake. Viza ya kikundi hutolewa huko huko kwa njia ya wakala, kwenye karatasi tofauti, si ndani ya pasipoti. Tenga siku tatu hadi nne za kazi mjini humo, pasipoti ikiwa ubalozini. Viza ya China uliyokuwa nayo hufutwa unapopewa ya kikundi, na hilo huwaumiza waliopanga kuendelea hadi Beijing kwa viza yao ya zamani. Walio kwenye karatasi moja huingia na kutoka pamoja. Kama mnaachana njiani, wakala aombe karatasi mbili tangu mwanzo.

Barabara ya Nepal hupita Gyirong, iliyo karibu mita 2,800, na baada ya hapo unapanda hadi mita 5,200 na kulala 4,300 au zaidi. Kuingilia huko ndiyo njia mbaya kuliko zote kwa mwili. Kutokea huko ni nzuri kuliko zote, kwa kuwa unashuka hadi kwenye misitu huku umeshazoea. Lakini Julai 2025 mafuriko yaliondoa daraja la mpakani Rasuwagadhi, na kila msimu wa mvua za monsuni maporomoko hukata barabara. Thibitisha hali ya mpaka wiki ya safari, na uwe na nafasi ya kutoka kwa ndege.

Wakala: maswali ya kuuliza kabla ya malipo

Bei peke yake haikuambii mengi. Uliza usiku wote na mwinuko wa kila mmoja kwa maandishi. Uliza kama gari lina mtungi wa oksijeni wenye kipimo cha mtiririko, au makopo ya dukani tu. Makopo hayo huisha kwa dakika chache na hayatibu kitu. Uliza malipo ya awali yanarudishwa kiasi gani kibali kikikataliwa, na kiasi gani Tibet ikifungwa ghafla. Uliza nani analipa hoteli na gari mtu mmoja akilazimika kushuka na mwongozaji ni mmoja tu. Swali hili la mwisho wengi hulisahau, na kwenye kikundi cha kuchanganywa ndilo huzua ugomvi mkubwa: sheria inataka kikundi kiwe na mwongozaji, mgonjwa naye anahitaji mtu. Wakala mzuri atakuambia ana mtu Shigatse wa kuja kuchukua nafasi.

Dawa, dalili na uamuzi wa kushuka

Mwone daktari mwezi mmoja kabla, hasa kama una ugonjwa wa moyo au mapafu, ujauzito, au uliwahi kuugua mwinuko. Kwa anayeruka hadi Lhasa, asetazolamidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ni jambo la kuzungumza naye: dozi ya kawaida ya kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda na kuendelea siku mbili baada ya kufika. Kwa ratiba inayoendelea kupanda, daktari anaweza kuirefusha. Hukojolesha na huchoma vidole kama sindano, na hilo ni la kawaida. Mwenye mzio mkali wa dawa za salfa amweleze daktari. Ijaribu nyumbani kwa siku mbili.

Siku ya kwanza Lhasa usipande popote. Ikulu ya Potala ina ngazi nyingi na tiketi yake hutolewa kwa pasipoti, siku na saa maalumu. Hakikisha wakala ameiweka siku ya tatu. Acha pombe na vidonge vya usingizi. Kunywa maji kwa kiu yako. Kujilazimisha lita nyingi hakuzuii ugonjwa.

Maumivu ya kichwa pamoja na kichefuchefu, uchovu au kizunguzungu ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Usipande zaidi dalili zikiwapo. Zikizidi, shuka. Hatari mbili huua. Ya kwanza ni uvimbe wa ubongo: mtu anachanganyikiwa na anayumba. Mtembeze kwenye mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole. Asipoweza, msisubiri asubuhi. Ya pili ni maji kwenye mapafu: kukosa pumzi akiwa amekaa, kikohozi, midomo kuwa buluu. Anaweza asiumwe kichwa kabisa, na ndiyo maana hudhaniwa ni mafua. Kwa zote mbili: oksijeni, kushuka mara moja, na dawa za dharura alizokuandikia daktari, yaani deksamethasoni kwa ubongo na nifedipini kwa mapafu. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasaidia kulinganisha mtu na hali yake ya jana. Namba nzuri haimponyi anayeyumba.

Sasa fungua ramani. Kutoka Rongbuk, kushuka hadi Shegar ni mita 700 na ni mwendo wa saa kadhaa wa gari. Hiyo mara nyingi hutosha kuokoa, lakini kutoka Darchen hakuna bonde la karibu la kushukia: Saga iko karibu urefu ule ule, na uwanja wa ndege wa Ngari uko mita 4,274. Usitegemee helikopta za uokoaji zilizozoeleka upande wa Nepal. Ndiyo sababu mgonjwa wa Kailash hurudishwa akiwa bado Darchen, kabla ya mzunguko, na maumivu ya asubuhi hiyo yachukuliwe kwa uzito kuliko ya popote pengine.

Soma bima yako mwenyewe. Zipo zinazokoma mita 3,000 au 4,000. Iandike wazi mita 6,000 kwa Kailash, na igharimie usafiri wa barabarani wa mgonjwa na ndege ya kumtoa Tibet.

Mizigo, simu na pesa

Ndege ya Chengdu–Lhasa ni ya ndani ya China, na tangu tarehe 28 Juni 2025 pawabenki isiyo na alama ya 3C (alama ya usalama ya China) hairuhusiwi kwenye ndege za ndani. Nyingi zilizonunuliwa nje ya China hazina alama hiyo, nazo huachwa uwanjani. Nunua moja China. Simu za setilaiti acha nyumbani, na droni pia. Picha za Dalai Lama zimepigwa marufuku, zikiwemo zilizo ndani ya kitabu au simu.

Google na WhatsApp hazifunguki kwa laini ya China. Laini ya nje inayotumia mtandao wa China kwa kawaida huzifungua, basi iandae kabla. Alipay na WeChat Pay hukubali kadi za nje. Zisajili ukiwa nyumbani, kwa sababu uthibitisho wa pasipoti unaweza kuchukua siku. Toa noti za yuani Lhasa au Shigatse, kwani baada ya hapo mashine za kutolea pesa ni chache.

Nguo ni za tabaka, pamoja na koti la manyoya hata Mei: usiku wa Rongbuk hushuka chini ya sifuri na nyumba nyingi za wageni hazina joto la uhakika. Weka shuka la kulalia, tochi ya kichwani, karatasi za chooni, krimu ya jua ya SPF 50, mafuta ya midomo yenye kinga ya jua, na miwani ya giza inayofunika pembeni. Betri za kamera lala nazo ndani ya blanketi, baridi huzimaliza. Tibet hutumia saa za Beijing, kwa hiyo Desemba jua la Lhasa huchelewa hadi karibu saa tatu asubuhi. Muulize mwongozaji kila jioni saa ya kuondoka, na usikisie kwa kuangalia dirishani.